Kudumu kwenye kiwanda cha magari: maelekezo ya shangazi kwa kijana anayetoka Dodoma

Vijana wa VETA wakishamaliza mitihani, hapa kwangu Ihumwa hapakosi mgeni. Mzazi anakuja na kijana wake, anakaa, anaulizia mvua, anaulizia wajukuu, halafu ndipo anafikia lililomleta: "Shangazi, huyu amemaliza ufundi magari, anataka kwenda kiwandani. Wewe umekaa huko. Mwelekeze." Nimewaelekeza wengi hapo barazani mpaka koo likakauka, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane mnalijua. Safari hii naandika, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kuunganisha malori zaidi ya miaka ishirini. Nilianzia kufungua makasha, nikahamishiwa kwenye waya, nikamalizia ukaguzi wa mwisho, yaani yule anayetia saini kabla lori halijatoka getini. Kiwanda sitakitaja, wala mji. Mimi ni mtoto wa Mvumi, nimekulia kwenye uwele na mbuzi, na siku naingia kazini nilikuwa sijawahi hata kukaa kiti cha mbele cha lori. Kwa hiyo usiniambie wewe ni wa kijijini hutaweza.

Kabla hujapanda basi

Usimlipe mtu yeyote akutafutie nafasi. Kiwanda kinachohitaji fundi hakiuzi nafasi stendi ya Nanenane. Hilo nalipita, mmelisikia mara nyingi, ingawa bado kuna wanaouza mbuzi ili wamlipe dalali.

La pili ni kujua unakwenda kufanya nini. Kijana akisikia kiwanda cha magari anafikiri chuma kinaingia mlango huu na gari linatokea mlango ule. Kwetu Tanzania kazi kubwa ni kuunganisha. Vipande vinatengenezwa nje, vinashukia bandari ya Dar es Salaam ndani ya makontena, sisi tunavipanga mpaka viwe gari. Kibaha kuna eneo ambalo watu bado wanaliita TAMCO, ambako malori ya Scania yaliwahi kuunganishwa. Hukohuko Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi, ambacho kilithubutu kubuni lori la kwake na kulipa jina hilohilo. Hizo ni kazi mbili tofauti. Kubuni ni kazi nyingine, kuunganisha ni kazi nyingine, na mshahara wake ni mwingine.

Hata kuunganisha kwenyewe kuna namna mbili. Utasikia SKD na CKD. SKD ni gari lililokuja vipande vikubwa: kabini imeshapakwa rangi na kufungwa waya, injini imeshakamatana na giaboksi. CKD ni vipande vyote kimoja kimoja, na hapo kiwanda kinaweza kuwa na sehemu ya kuchomelea na ya kupaka rangi. Kama wewe umesomea kuchomelea, uliza kabla ya kusaini: mnafanya SKD au CKD? Nimemwona kijana mchomeleaji hodari kabisa, kachukuliwa kwenye SKD, akamaliza mwaka mzima akivuta makasha kwa troli. Hakudanganywa. Hakuuliza.

Usaili

Cheti cha NVA, kile cha ufundi stadi, unacho, sawa, kiwe ngazi ya I, ya II au ya III. Cheti kinakufikisha mlangoni. Ndani watakupa bamba la chuma lenye boliti, karatasi ya mchoro na pengine venia ya kupimia, halafu watakusimamia wamekunja mikono. Wanachotazama ni kama unasoma kwanza au unashika spana kwanza.

Hapo ndipo vijana wa gereji wanapoangukia, na inaniuma kwa sababu wana mikono mizuri kuliko wengi wa darasani. Gereji fundi anasifiwa kwa kubuni. Hosi ya gari hili haipo, anakata ya gari lile. Boliti imekwisha meno, anatoboa tundu na kuweka kubwa zaidi. Mwenye gari anafurahi, anaondoka. Kiwandani ufundi wa namna hiyo unakufukuzisha. Boliti isipoenea hutafuti nyingine inayofanana, unaacha na kuita mtu, kwa sababu ile boliti ina namba, ina urefu wake na ina ugumu wake. Tazama kichwani utakuta imeandikwa 8.8, au 10.9, au 12.9. Hizo zinasema chuma kinahimili mvuto kiasi gani. Ukichukua 8.8 ukaweka mahali pa 10.9, itaingia vizuri, itakazika vizuri, itapendeza, na itakatika barabarani. Kwa macho huwezi kuzitofautisha mpaka usome.

Kwa hiyo jizoeze kusoma mchoro. Ukishindwa kupata mchoro wa lori, tafuta hata wa kitanda cha chuma kwa mafundi wa Majengo, ujue milimita, ujue mstari wa nukta nukta maana yake ni kitu kilichojificha nyuma.

Wiki za kwanza

Utapewa kazi ndogo, na itakuudhi. Kufungua kasha, kuhesabu, kulinganisha na karatasi ya orodha, kupanga kwenye shelfu. Usiidharau. Anayefungua kasha ndiye wa kwanza kuona kwamba taa imepasuka, au kwamba kasha la lori namba fulani lina vioo viwili vya kulia na hakuna cha kushoto. Akinyamaza, lori litafika mwisho wa mstari wa kuunganishia likiwa na jicho moja, na kungoja kipande kutoka ng'ambo si jambo la kesho.

Halafu utaona lori linavyozaliwa, na wengi hushangaa kwamba linaanza limelala kifudifudi. Chesisi, yaani fremu ya lori, inawekwa juu chini, miguu hewani, ili ekseli na springi zifungwe kirahisi kutoka juu. Ikishafungwa, kreni inaigeuza. Zinafuata paipu za upepo za breki, waya, injini na giaboksi, kisha kabini inashushwa juu yake, magurudumu, mafuta, maji, betri. Siku ya kwanza kuona chesisi inageuzwa simama mbali, nyuma ya mstari wa njano. Nasema siku ya kwanza, ila hata siku ya mwisho usipite chini ya mzigo unaoning'inia, awe amekuita foromani au amekuita baba yako.

Kukaza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi ilipo.

Nje watu wanakaza kwa nguvu. Ndani tunakaza kwa kipimo, kwa toki renchi, yaani spana unayoitegea kipimo nayo inalia mkazo ukifika. Nati ya gurudumu la gari dogo inahitaji karibu Nm 100 (nyutonimita, kipimo cha mkazo), nyingine kidogo zaidi. Lori zito lenye nati kumi kila gurudumu linataka karibu Nm 600. Kipimo halisi kinasomwa kwenye karatasi ya kazi ya gari hilo, hakikumbukwi kichwani. Ikilegea, nati inatembea yenyewe. Ikizidi, boliti inavutika kupita uwezo wake wa kurudi. Boliti iliyozidishiwa kukazwa ni mlenda uliozidi chumvi, huwezi kupunguza. Unaitoa, unaitupa, unaweka mpya, hata kama inang'aa.

Toki renchi ina adabu zake. Ishike pale kwenye mpini palipowekewa alama ya mkono, usiishike katikati wala usiongeze bomba. Vuta polepole, kwa mwendo mmoja. Ikilia "ta", acha. Vijana wanapenda kuilizia mara ya pili na ya tatu ili wajiridhishe, na kila mlio wa ziada unaongeza mkazo. Usiitumie kulegeza nati, hiyo si kazi yake. Ukimaliza irudishe kwenye kipimo cha chini kabisa kabla hujaiweka kabatini, springi yake isichoke. Na hata ukiitunza inapotoka taratibu, ndiyo maana inapelekwa kupimwa upya, kwa kawaida kila mwaka au baada ya kukaza mara 5,000. Tazama stika yake kila asubuhi. Tarehe ikiwa imepita, usiiguse, kamwambie foromani.

Kwenye gurudumu usizunguke kwa kufuatana. Ukianza juu, inayofuata ni ya chini iliyo mkabala nayo, kisha unakwenda pembeni, halafu mkabala wake, na usikaze hadi mwisho kwa mzunguko mmoja. Zunguka kwanza kwa mkazo mdogo, gurudumu likae sawa kwenye habu, pale kitovuni linapofungwa, ndipo ulete kipimo kamili. Ukishaikaza kwa kipimo, ichore kwa maka ya rangi, mstari unaoanzia kwenye nati ukashukia kwenye rimu. Mstari huo ni ushahidi wako leo, na kesho ukikatika pakaonekana pengo, kila mtu atajua nati imesogea. Usichore kabla ya kukaza. Kuna watu huchora nati zote kumi kwanza ili kuokoa muda, halafu anaitwa chai. Nilipokuwa mkaguzi nilikuwa sisomi mistari, narudia kukaza nati mbili tatu kwa kubahatisha, na wenye tabia hiyo nilikuwa nawajua kwa majina.

Lori jipya likishatembea kilomita kama 50 mpaka 100 nati za magurudumu zinakazwa tena, kwa sababu rangi na nyuso za chuma zinakaa vizuri baada ya kubeba uzito. Mwambie dereva anayekuja kulichukua. Mwambie kwa mdomo, usitegemee kitabu, kitabu kinabaki kwenye nailoni yake.

Kwenye waya kanuni ni fupi: sukuma, sikiliza, vuta. Soketi ukiisukuma ilie, kisha ivute kidogo kurudi nyuma uone kama imeshika. Na betri, mguu wa hasi unafungwa mwisho na kufunguliwa kwanza. Basi.

Usipitishe mbele

Kiwanda cha magari hakiharibiwi na mtu asiyejua kazi. Kinaharibiwa na mtu aliyeona, akanyamaza.

Nitawapa mfano wa kweli. Kabini ikishafungwa inapitishwa kwenye maji, mvua ya kutengeneza inayopiga pande zote, tuone kama inavuja. Siku moja tukafungua mlango tukakuta kapeti limelowa upande wa dereva. Vioo vizima, mlango mzima. Ikabidi tutoe viti, tukunjue kapeti, na saa zikaenda, na mahali penyewe palikuwa raba ndogo, ile inayoziba tundu la waya kwenye ukuta wa mbele wa kabini. Ilikuwa imekaa upande. Pale mwanzo kuisukuma ni kazi ya kidole gumba. Pale mwisho ilitugharimu sehemu kubwa ya shifti. Na walioshughulika na waya zile walipoulizwa, mmoja akasema aliiona, ila si yeye aliyeiweka.

Toyota wana kauli wanayofundisha watu wao: usipokee kasoro, usitengeneze kasoro, usipitishe kasoro. Mwanzo wake si wa magari. Sakichi Toyoda alikuwa mtengenezaji wa mashine za kufuma nguo, na mashine yake ya mwaka 1924 ilikuwa inajizima uzi ukikatika, isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Wajukuu wa wazo hilo ndio ile kamba inayopita juu ya mstari kwenye viwanda vyao, ambayo mfanyakazi wa kawaida anaivuta akiona kasoro. Kiwanda utakachokwenda huenda hakina kamba. Kwetu haikuwepo, kulikuwa na foromani na filimbi yake. Basi kamba yako ni mdomo, na mdomo una namna ya kutumiwa.

Usiende kusema "bosi, kule kuna shida." Sema hivi: "Foromani, lori namba fulani, steshini ya nne, soketi ya taa ya nyuma kulia haijashika. Nimeifunga utepe mwekundu, sijaigusa zaidi." Umetaja gari, mahali, kitu na ulichokifanya. Hujataja mtu. Hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Ukimtaja mwenzako mbele za watu umemwaibisha, na kesho yeye naye atanyamaza akiona lako. Mtu mwenyewe mfuate saa ya chai, pembeni, mwamkie kama ni mkubwa kwako, mwambie taratibu. Nimefanya kazi na wanaume waliokuwa hawataki kabisa kukosolewa na mwanamke. Nilikuwa naanza na shikamoo, namwonyesha kitu chenyewe, naondoka kabla hajajibu. Nikipita baadaye nakuta kimerekebishwa.

Wageni waliotumwa na kampuni iliyotengeneza vipande nao ni hivyohivyo. Lugha haipandi, lakini kitu kinaonyesheka. Mwonyeshe, pima mbele yake, mwachie kipimo kwenye karatasi.

Uchovu wa kurudia

Hakuna anayekwambia hili chuoni: kazi inachosha kwa kufanana. Kitu kilekile, mkono uleule, leo na mwezi ujao. Henry Ford alipoanzisha mstari unaotembea mwaka 1913 pale Highland Park, Michigan, watu walikuwa wanaacha kazi kwa wingi mno, na Januari 1914 akatangaza dola tano kwa siku na shifti ya saa nane badala ya tisa. Hiyo ilikuwa Marekani, na fedha nzuri. Ukijisikia kukimbia wiki ya tatu, si uvivu wa Kigogo.

Dawa yangu ilikuwa kuomba kuhamishwa. Kila baada ya muda nilimwomba foromani anifundishe steshini ya jirani. Mkono unapumzika, akili inaamka, na siku wanapopunguza watu wanaanza na yule anayejua kazi moja.

Mwili ni wako

Pete, saa na mkufu vibaki nyumbani. Vinakwaruza rangi, na pete ikinasa kwenye ukingo wa bodi inaondoka na kidole. Mkanda wenye bizimu ya chuma vilevile, ndiyo maana overoli nzuri ina vifungo vilivyofunikwa. Wanawake, dai buti za saizi yako. Mimi walinipa za kiume, wakaniambia nijaze soksi. Nikakataa kupanda ngazi mpaka zikaja.

Masikio ndiyo mnayoyachezea. Ikibidi upaze sauti ili usikike na mtu aliye umbali wa mkono, kelele imepita kiasi, vaa vya kuzibia. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kukula masikio taratibu, huna habari, mpaka mjukuu anakuita mara tatu.

Karatasi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 isome, ipo kwa Kiswahili. Kwa ufupi: wiki ya kawaida haizidi saa 45. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, na saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28. Andika saa zako mwenyewe kwenye daftari, kila siku, kisha ulinganishe na hati ya mshahara. Mara nyingi tofauti inatokana na karani aliyechoka, na ukienda na daftari mnamalizana palepale. Ukiachishwa isivyo halali, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 30 tu. Watu wanazimaliza hizo siku wakimbembeleza meneja.

Ukiumia, hata kama ni kidogo, hakikisha imeandikwa siku hiyohiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipia ajali na magonjwa ya kazini, na mchango wake anautoa mwajiri peke yake, wewe hukatwi. Lakini hauwezi kulipia jambo ambalo halimo kwenye daftari lolote. Kidole kilichopondeka leo ukakifunga kitambaa ukaendelea, baada ya miezi sita ni neno lako tu.

Fedha sitawahubiria. Nilikuwa kwenye SACCOS, nikanunua shamba dogo la zabibu huku nyumbani, linavunwa mara mbili kwa mwaka na halina foromani.

Siku unaondoka, iwe umestaafu au umepata pengine, rudisha vifaa kwa orodha na saini za pande mbili. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako kwa sheria. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180, kwa hiyo kabla hujaacha kazi kwa hasira ukiwa na mwezi wa 170 na kitu, keti kwanza uhesabu. Na hakiki jina. Sisi Wagogo majina yetu makarani wa pwani wanaandika walivyosikia, Chilongani anakuwa Kilongani, na herufi hiyo moja ikitofautiana na iliyoko NIDA utapanda ngazi za ofisi mpaka magoti yaume. Lirekebishe mwezi wa kwanza wa ajira, ungali na magoti mazima.